Chekechea ya jengo kubwa, ya nyumbani au yenye jina la mfumo: ulinganisho wa mzazi aliyehama mara mbili

Chekechea ya kwanza ya binti yangu niliichagua kwa macho. Ilikuwa na kuta za rangi, bembea mpya, kamera kila kona na mapokezi yanayonukia sabuni. Alipokuwa na miaka miwili na nusu, miezi mitano tangu aanze, nilimuuliza tukiwa njiani jina la ticha wake. Akafikiri kidogo. "Ticha." Ticha yupi? "Ticha mpya." Nilipopiga hesabu, yule alikuwa wa nne.

Tangu hapo nimeingia chekechea nyingi kuliko nilivyotaka, nimehama mara mbili, na mtoto wa pili naye amefika umri wa kupelekwa. Kila aina ninayoieleza hapa chini nimeipima kwa swali moja: ni nani hasa atakayekuwa na mtoto wako saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni, na je, mwakani mtu huyo bado atakuwepo? Mwenye jibu zuri la swali hilo nimemsamehe mengi, hata bembea mbovu. Asiye nalo, hata angekuwa na bwawa la kuogelea, nimeaga kwa adabu nikaondoka.

Kituo kikubwa na kituo cha nyumbani

Kituo kikubwa hugawa watoto kwa umri. Kila darasa lina walezi wake, kuna msimamizi, kuna mpishi, na kuna mtu wa akiba mlezi akiugua. Huyo wa akiba ndiye faida yenyewe: kituo hakifungi. Kama kazi yako haijui udhuru, nusu ya uamuzi imeishia hapo. Faida nyingine haionekani haraka, nayo ni kwamba macho ni mengi. Mlezi hakai peke yake na watoto nyuma ya mlango uliofungwa, mwenzake anapita, msimamizi anachungulia.

Gharama yake hulipwa na mtoto. Kila akitimiza umri hupandishwa darasa, na kila kupanda ni kumwacha mtu aliyekwisha kumzoea. Walezi wa madarasa ya chini mara nyingi ndio wenye mshahara mdogo kuliko wote mle ndani, hivyo wakipata pengine huondoka. Na ratiba ni ya wote: saa ya kulala imefika, wote mkekani, hata kama wako aliamka saa nne asubuhi.

Kituo cha nyumbani ni mlezi mmoja au wawili wenye watoto wachache wa umri mchanganyiko sebuleni kwao. Mtoto anaweza kukaa na mtu yuleyule miaka miwili, hata mitatu. Mdogo anamwiga mkubwa, mkubwa anajifunza kungoja. Anayesinzia mapema hulazwa mapema. Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili mimi huona kituo cha nyumbani kinashinda, hasa kuanzia karibu miezi minane hadi mwaka na nusu, kipindi ambacho watoto wengi huogopa sana sura ngeni na kulia ukiwapa mgongo tu. Mtoto wa umri huo anahitaji kifua kimoja anachokijua.

Ila kila kitu kinamning'inia mtu mmoja. Binti yangu nilimhamishia kituo cha namna hiyo. Siku ya nne tu simu ikalia saa kumi na mbili asubuhi: mlezi ana homa, leo hafungui. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja. Mwaka ule hali hiyo ilijirudia mara sita, na kila mara nilikuwa naomba ruhusa kazini kwa sauti ya mtu mwenye makosa. Jambo zito zaidi ni lile ambalo wazazi wengi huona haya kuuliza: nani mwingine anaishi humu ndani? Nani huingia mchana? Mlezi akichoka, akikasirika, nani anampokea dakika kumi akanywe maji? Uliza, tena uliza waziwazi. Mlezi mwenye nia njema haudhiki, na anayeudhika amekupunguzia kazi ya kuchagua.

Hata hivyo wiki ya pili binti yangu alilitaja jina la yule mlezi usingizini. Kule kwenye kuta za rangi hakuwahi kulijua jina la mtu.

Kuhesabu vichwa

Wenye vituo hupenda kutaja uwiano wa walezi na watoto, na mara nyingi uwiano huo hupatikana kwa kugawanya watoto wote kwa wafanyakazi wote, mpishi na mlinzi wakiwemo. Hesabu mwenyewe, ndani ya chumba, wale tu walio na watoto wakati huo.

Ukitaka kipimo cha kushikia, kanuni za England zinataka mtu mzima mmoja asizidishe watoto 3 walio chini ya miaka miwili. Kwa wenye miaka miwili ni mmoja kwa watoto 5, nao ulikuwa mmoja kwa 4 hadi Septemba 2023. Kuanzia miaka mitatu ni mmoja kwa 8, na inaruhusiwa kufika 13 kama kiongozi wa darasa ni mwalimu mwenye sifa zinazotakiwa. Huenda unapoishi kanuni ni nyingine au hazifuatwi, lakini namba hizo zinakupa picha ya kiasi ambacho mikono miwili inaweza kubeba. Jaribu mwenyewe kuvalisha viatu watoto watano wa miaka miwili wanaotaka kwenda nje sasa hivi.

Nenda wakati walezi wanapopokezana kwenda kula. Hapo ndipo nilipoona chumba chenye watoto kumi na nne na binti mmoja mdogo wa mazoezi, ameshika chupa mkono huu na nepi mkono ule, huku mtoto wa tatu akimvuta sketi. Asubuhi ileile niliambiwa kwamba darasa hilo lina walezi watatu. Ni kweli lilikuwa nao, wawili walikuwa jikoni.

Inayofundisha na inayochezesha

Hapa ndipo wazazi tunapogombana hata na wenzi wetu. Upande mmoja ni chekechea yenye madaftari, herufi ubaoni, kazi ya kwenda nayo nyumbani, na mtoto wa miaka mitatu anayeweza kuwaimbia wageni namba mpaka ishirini. Upande wa pili ni mchanga, maji, vipande vya mbao, nguo kuukuu za kuigiza, na mtoto anayerudi na tope masikioni. Wa kwanza unaona ada yako imefanya kazi. Wa pili unaona umelipia uchafu.

Nilitembelea moja ya kila upande ndani ya wiki moja. Kule kwa madaftari watoto ishirini na wawili wa miaka mitatu walikuwa wanarudia a, e, i, o, u kwa pamoja. Nyuma kabisa kijana mmoja alikuwa amemwona sisimizi kwenye dawati, anamfuata kwa kidole taratibu, bila kumgusa, mdomo ukitaja irabu kama wenzake. Ticha aligonga dawati kwa rula. Sisimizi akapotea kwenye ufa, na kijana akabaki anautazama ule ufa hadi kipindi kikaisha. Kwa maoni yangu ndiye pekee aliyekuwa anasoma mle ndani.

Kule kwa maji, watoto wawili walikuwa wanamimina kutoka kwenye jagi kwenda kwenye chupa yenye shingo nyembamba. "Imejaa." "Bado, inashuka." Mlezi akachuchumaa pembeni yao, akaweka chupa ya pili, fupi na nene. "Hii nayo mnadhani itameza vikombe vingapi?" Mmoja akasema viwili, mwingine akasema mia. Wakapima. Vilikuwa saba, na walivihesabu mara tatu kwa sababu kila mara kimoja kilimwagika. Namba saba waliijua kwa mkono, kwa jicho na kwa kulowa.

Siwadharau wanaotaka mtoto ajue kusoma mapema, maana shule anayokwenda baadaye inaweza kumpa mtihani wa kuingilia, na hilo halitatuliwi kwa falsafa. Lakini tuelewane kuhusu umri. Ufini mtoto huanza shule ya msingi mwaka anaotimiza miaka 7, na nchi hiyo haijawahi kukosa wasomaji. Kinachomwandaa mtoto wa miaka mitatu au minne kusoma ni hadithi nyingi, nyimbo, vitendawili, kuchezea silabi na vina, kujua kwamba "paka" na "pasi" vinaanza sauti moja. Kinachoandaa mkono kushika kalamu ni kufinyanga, kuchana karatasi, kufunga vifungo, kupanda na kuning'inia. Chekechea ya michezo inayofanya hayo kila siku inafundisha kusoma, ila hukuti daftari begini.

Sasa na upande wa pili wa shilingi. Zipo chekechea zinazosema "sisi tunajifunza kwa michezo" na maana yake ni kwamba hakuna kinachofanyika. Vitu vya kuchezea vimemwagwa katikati, runinga inawaka, walezi wamejipanga ukutani na simu zao. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Mwongozo huohuo unataka watoto wa mwaka 1 hadi 4 wawe katika mwendo angalau dakika 180 kwa siku, na wasifungwe kwenye kiti au kigari zaidi ya saa 1 mfululizo. Ukifika ukakuta skrini inawaka saa tatu asubuhi, usiulize mtaala.

Namna ya kuzitofautisha mbili hizi ni kuangalia magoti ya walezi. Wanaochezesha kweli huchuchumaa, hukaa chini, nguo zao zina alama za rangi na tope. Na tazama kazi zilizobandikwa ukutani. Bata ishirini wa karatasi wanaofanana mdomo hadi mkia walikatwa na mlezi usiku. Bata wenye miguu mitano ni wa watoto.

Majina ya mifumo

Mjerumani Friedrich Froebel alifungua kituo chake Bad Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akakipa jina lenye maana ya bustani ya watoto, jina ambalo nusu ya dunia bado inalitumia. Baada yake yamekuja majina mengi, na siku hizi jina kwenye geti linaweza kupandisha ada maradufu. Ni vizuri kujua unalipia nini.

Montessori ndilo linalotajwa zaidi. Daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Januari 1907, katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Darasa la kweli la Montessori linatambulika: watoto wa miaka 3 hadi 6 wako pamoja, vifaa vimepangwa kwenye rafu fupi na kila kifaa ni kimoja tu, mtoto huchagua kazi yake, huitandika mkekani, akimaliza huirudisha. Huachwa afanye hivyo kwa muda mrefu bila kukatizwa, kwa kawaida karibu saa tatu. Vifaa vingi humwonyesha mtoto kosa lake vyenyewe: kigingi kinene hakiingii kwenye tundu jembamba, basi. Tatizo ni kwamba jina Montessori si mali ya mtu, yeyote anaweza kulipaka getini. Muulize mwalimu, si mwenye shule, alipata wapi mafunzo na kwa muda gani. Chama ambacho Montessori mwenyewe alikianzisha mwaka 1929, AMI, bado kinatoa vyeti. Ukikuta watoto wote wa umri mmoja wamekaa safu moja wakijaza karatasi, geti limekudanganya.

Waldorf, au Steiner, ilianza Stuttgart mwaka 1919 katika shule ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Kwenye chekechea zake hakuna skrini wala herufi rasmi hadi karibu miaka 7. Kuna hadithi, nyimbo, kazi za mikono, vitu vya mbao na pamba, na mdundo uleule wa siku kila siku. Ukiiweka pembeni ya Montessori zinaonekana kama dada wasioelewana. Montessori anamtaka mtoto ashike jagi halisi amimine maji halisi, na hadithi za majini na malaika hazipewi nafasi kubwa kwa wadogo. Waldorf inamtaka aoke keki ya hewa na kumlisha mwanasesere asiye na uso. Mtoto anayependa kukaa na kitu kimoja hadi akimalize hustawi kwa Montessori. Yule anayezungumza na ufagio na kuupa jina atapata wenzake kwa Waldorf.

Reggio Emilia ni mji wa Italia ambako wazazi walianza kujijengea shule za watoto wadogo mara baada ya vita kuisha mwaka 1945, na mwalimu Loris Malaguzzi akaziongoza kwa miaka mingi. Huko miradi hutoka kwa watoto wenyewe. Wakishangaa vivuli, wiki nzima inakuwa ya vivuli, na walimu huandika, hupiga picha na kubandika watoto walivyosema. Naipenda. Lakini bila walimu wazuri na wenye muda, hugeuka kuwa kuta zilizojaa picha nzuri za kuwatumia wazazi.

HighScope nitaigusa kwa sababu moja. Watoto hupanga watakachofanya, hukifanya, kisha hukaa kukielezea. Mtaala huo ulikua kutokana na mradi wa Perry huko Ypsilanti, Marekani, ulioendeshwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1967 kwa kulinganisha makundi mawili ya watoto maskini, 123 kwa jumla. Watoto wale walifuatiliwa hadi utu uzima, na waliopitia chekechea walikuja kumaliza shule kwa wingi zaidi, kupata kipato kikubwa zaidi na kukamatwa na polisi mara chache. Wenye vituo huitaja sana hadithi hii. Wanachokiruka ni kwamba kila mwalimu wa Perry alikuwa na watoto kama sita tu, alikuwa amesomea kazi hiyo, na kila wiki aliwatembelea wazazi nyumbani. Ukiambiwa "tunafuata mfumo uliothibitishwa", uliza na hayo mengine yako wapi.

Karibu na kwako au karibu na kazini, nusu siku au kutwa

Hili halihitaji maneno mengi. Karibu na nyumbani mtoto hupata marafiki wa jirani, na mzazi yeyote, bibi au babu, anaweza kumchukua. Karibu na kazini unafika haraka akipata homa, lakini siku zako za likizo unasafiri naye bila sababu, na mkihama kazi amehama naye. Mimi nilichagua nyumbani. Foleni ya jioni na mtoto wa miaka miwili kiti cha nyuma haina mtaala.

Nusu siku inatosha kabisa kwa mtoto wa miaka mitatu mwenye mtu mzuri wa kukaa naye mchana. Kutwa nzima si dhambi, ila hapo saa za mwisho ndizo za kupima. Kituo kinachong'aa saa tatu asubuhi nimekikuta saa kumi na moja jioni kimewakusanya watoto wa madarasa yote chumba kimoja, mlezi wa zamu hajui majina, na binti yangu amekaa na begi mgongoni, amevaa viatu tangu saa kumi, akitazama mlango. Ukienda mara moja tu kutembelea, nenda saa hiyo. Usitoe taarifa. Asiyekuruhusu kuchungulia watoto wakiwa wamechoka amekujibu.

Kulala, nepi, mlango

Mtoto mchanga alazwe chali, kwenye godoro gumu tambarare, bila mto wala mwanasesere. Hili halina ulinganisho. Nilipomkuta mtoto wa miezi sita amelazwa kifudifudi "kwa sababu hivyo halii", niliondoka kabla ya chai. Kwa wakubwa kidogo, mwongozo ule wa mwaka 2019 unataja saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ukijumlisha wa mchana, kwa wenye mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wenye miaka 3 na 4. Asiye na usingizi mchana afanye nini? Kwenye vituo vizuri hupewa kitabu na kona. Kwenye vibaya huambiwa afumbe macho.

Kuhusu nepi, simama karibu na meza ya kubadilishia dakika kumi tu. Je, mlezi ananawa mikono kwa sabuni baada ya kila mtoto, sekunde 20 za kweli, au anafuta kwa kitambaa kilekile? Meza hiyo iko umbali gani na mahali pa chakula? Mafua utayapata popote utakapompeleka, miezi ya mwanzo hasa, kubwa na ndogo hazina tofauti kubwa hapo. Tofauti ni kama wanamrudisha nyumbani mwenye homa au wanampa dawa kimyakimya ili siku ipite.

Mlango nao. Siku moja nilimtuma kaka yangu amchukue binti yangu kwenye kile kituo cha nyumbani, nikasahau kutoa taarifa. Mlezi akamwacha amesimama nje ya geti dakika ishirini hadi aliponipata kwenye simu, ingawa mtoto alikuwa anaruka dirishani akipiga kelele "Mjomba! Mjomba!" Kaka alinipigia amefura. Nilimwomba radhi, huku moyoni nimetulia kuliko siku yoyote tangu aanze. Kule kwenye kamera kila kona, dereva wa jirani aliwahi kumchukua mtoto wa mtu kwa kutaja jina tu.

Swali la kung'ata

Maswali ya kwenye karatasi hupata majibu ya kwenye karatasi. "Mna usalama?" Tunao. "Mnawapenda watoto?" Sana. Swali lililonisaidia kuliko yote ni hili: mtoto akimng'ata mwenzake, mnafanyaje?

Watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hung'ata. Hawana maneno, wana meno. Kituo cha kwanza kiliniambia, "Kwetu watoto wanaong'ata hawapo." Huyo hajui watoto au hasemi kweli. Cha pili: "Tunamweka kona mpaka aombe msamaha." Cha tatu mlezi alicheka kwanza. "Wiki hii tunaye mmoja. Anang'ata saa tano na nusu, kabla ya chakula, akiwa na njaa na mwenzake akimkaribia mno. Basi saa tano na robo nampa kitu cha kutafuna, nakaa kati yao. Aliyeng'atwa tunamshughulikia kwanza, halafu wazazi wote wawili wanaelezwa, ila aliyeng'ata hatumtaji." Alijua dakika. Mtu hawezi kubuni jibu kama hilo, linatoka kwa aliyekuwa chumbani.

La pili baada ya hilo: mlezi wa darasa hili yuko hapa tangu lini, na aliyekuwepo kabla yake yuko wapi? Ukijibiwa kwa miezi, kumbuka "Ticha mpya".

Kabla ya kutia sahihi

Soma mkataba nyumbani, si kaunta. Angalia kama ada ya usajili na amana zinarudi, na kwa masharti gani. Wiki za kufunga unalipa? Mtoto akiugua siku kumi? Ukichelewa kumchukua, faini inahesabiwa kwa dakika au kwa saa? Ukitaka kuhama, unatoa taarifa siku ngapi kabla? Hilo la mwisho ndilo lililoniumiza: nilihama katikati ya muhula na amana yote ikabaki kule, kihalali kabisa, kwa mstari mdogo wa ukurasa wa tatu ambao niliutia sahihi bila miwani. Uliza pia kuhusu siku za kuzoea. Vituo vinavyokuruhusu kukaa naye siku mbili tatu, kisha kuondoka saa moja, kisha nusu siku, vinajua kazi yao. Vinavyosema "mwache tu, atanyamaza" vinasema kweli, atanyamaza, lakini kunyamaza na kuzoea ni vitu viwili.

Kwa mtoto wa pili nilibakiwa na viwili. Kimoja kikubwa, cha Montessori ya kweli kadiri nilivyoweza kuona, chenye rafu safi na mwalimu mwenye cheti, mwaka wake wa kwanza pale. Kingine cha wastani, vyumba vitatu, walezi sita, rangi ya ukuta imebanduka kwenye kona ya watoto kwa sababu kila siku mtu anaisugua kwa matofali ya mbao. Mlezi wa chumba cha wadogo yuko pale mwaka wa nane.

Kikubwa kilinipa fomu ya kurasa sita: chanjo, mzio, namba za dharura, yote ya muhimu. Kile cha wastani nacho kilinipa fomu, fupi zaidi. Nilipokuwa naijaza, yule mlezi alikaa sakafuni mbele ya mwanangu, hakumshika, akamsukumia kopo tupu. Mwanangu akalitazama, akalisukuma kulirudisha. Wakafanya hivyo mara nne tano. Kisha, bila kuinua macho, akaniuliza, "Mama, akikataa usingizi huwa mnamwimbia au mnampapasa?"

Nikamwambia huwa tunampapasa, katikati ya mgongo, kwa vidole viwili tu. Akaandika.